Mkojo Ukipungua Ghafla, Usingoje Figo Ziume

Mgonjwa ameharisha na kutapika siku mbili. Tumbo limetulia, homa imeshuka, na nyumbani wanashukuru. Lakini tangu asubuhi hajaenda haja ndogo, na jioni anatoa mkojo kidogo uliokolea kama chai ya rangi. Hapo ndipo pa kushtuka: huenda figo zimeanza kushindwa.

Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, zikarudisha karibu yote mwilini na kutoa lita moja au mbili za mkojo. Kazi hiyo inahitaji damu ya kutosha. Kuharisha sana, kutokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, malaria kali na maambukizi yaliyoenea mwilini huzinyima damu hiyo. Aliyepungukiwa maji akimeza diklofenaki au ibuprofeni huongeza hatari, kwa sababu dawa hizo hubana mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Baadhi ya dawa za mitishamba nazo huziumiza. Kwa wanaume wazee, tezi dume iliyotanuka huweza kuziba njia ya mkojo.

Wengi hungoja kiuno kiume, ilhali figo zinazoshindwa ghafla mara nyingi haziumi. Mtu mzima akitoa mkojo usiofikia mililita 400 kwa siku nzima, yaani pungufu ya chupa ndogo ya maji, aonwe siku hiyo hiyo. Kuvimba uso au miguu, kukosa pumzi, kusinzia kupita kiasi na kuchanganyikiwa ni dalili za hatari. Wapo pia wanaokojoa kama kawaida huku figo zikizorota, na hao hugunduliwa kwa kipimo cha damu tu.

Je, uende kwa daktari gani? Usipoteze siku ukimtafuta bingwa. Anza na kituo cha karibu chenye maabara inayopima kreatinini, taka ambayo figo nzima huiondoa kwenye damu, pamoja na potasiamu, ambayo ikizidi huweza kusimamisha moyo. Beba dawa zote ulizotumia, mitishamba ikiwemo. Uliza kreatinini yako ni ngapi na itapimwa tena lini, kwani kupanda kwake ndani ya siku chache ndiko kunakoonyesha tatizo ni la ghafla.

Altrasaundi ikionyesha njia imeziba, rufaa ni kwa bingwa wa upasuaji wa njia ya mkojo. Kama figo zenyewe zimeumia, anayehitajika ni bingwa wa figo. Nchini Tanzania, Muhimbili, KCMC, Bugando na Benjamin Mkapa ni miongoni mwa hospitali zinazotoa huduma ya kusafisha damu kwa mashine, pale figo zinaposhindwa kuifanya kazi hiyo.

Figo zilizoshindwa ghafla zinaweza kupona zikiwahiwa. Unapomuuguza mtu, usiishie kumuuliza kama amekula. Muulize pia amekojoa mara ngapi.