Karaoke nyumbani: papa aimbe nini akitoka Kamituga?

Papa akitoka kwenye mashimo ya Kamituga, mara nyingi iko na siku tatu ao ine tu hapa Bukavu. Tukipanga karaoke ile wikendi, tuchague nyimbo vizuri: wimbo mubaya unamutosha papa mbele ya televizyo, anaenda kukaa inje na simu yake.

Vijana wetu wanapenda Hatsune Miku, ule muimbaji wa Japani asiye mutu. Sauti yake inatoka mu ordinatere. Kampuni Crypton ya Sapporo ilimuleta mu 2007. Hana mapafu, basi hapumui! Ndiyo shida. « Senbonzakura » ya 2011 ni tamu, lakini maneno yanakimbia. Sisi tulijaribu, pumzi ikatuishia mbele ya kufika kwenye kiitikio.

Muanze na « Ievan Polkka ». Ni wimbo wa zamani wa Finland, na kipande Miku anaimba ni silabi tupu zisizo na maana: bibi, papa na mutoto wa miaka tano, hakuna anayemushinda mwingine. Mumoja ashike poireau ya soko ya Kadutu aizungushe, sawa vile kwenye video.

Kijapani kisiwatishe. Silabi zake karibu zote zinaishia na vokali, kama Kiswahili chetu. Muyaandike maneno kwa herufi zetu, kubwa-kubwa, juu papa hapendi kuvaa miwani mbele ya wageni.

Kisha mumupe maikro na « Indépendance Cha Cha » ya Grand Kallé, 1960. Ile haiombi karatasi.