4,294,967,295

4,294,967,295 (bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, elfu mia tisa sitini na saba, mia mbili tisini na tano) ni namba witiri yenye tarakimu kumi. Ni pungufu kwa 1 kuliko 2 kwa kipeo cha 32. Katika mfumo wa namba unaotumia 0 na 1 pekee, huandikwa kwa kupanga 1 mara 32. Kwa hiyo ndiyo namba kamili kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa kwa biti 32 za kompyuta.

Mfano wa bao

Bao la Kiswahili lina safu 4 zenye mashimo 8 kila moja, jumla mashimo 32. Mkulima wa Newala akiweka korosho 1 katika shimo la kwanza, 2 katika la pili, 4 katika la tatu, na kuendelea kuzidisha mara mbili, shimo la 32 litahitaji korosho 2,147,483,648. Jumla ya mashimo yote itakuwa 4,294,967,295. Sababu ni kwamba jumla daima hupungua kwa 1 tu kuliko kiasi cha shimo linalofuata: 1 + 2 = 3, pungufu ya 4; 1 + 2 + 4 = 7, pungufu ya 8. Tukikadiria korosho ghafi 200 kwa kilo, mzigo huo una takriban tani 21,475, yaani malori 716 ya tani 30.

Vigawo

Namba hii ni sawa na 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Vigawo hivyo vitano ni namba tasa, na ndizo namba tasa za Fermat pekee zinazojulikana. Pierre de Fermat wa Ufaransa alidhani kwamba mfululizo wake hutoa namba tasa daima. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kuwa inayofuata, 4,294,967,297, ni 641 × 6,700,417.

Kutokana na kazi ya Carl Friedrich Gauss (1801), umbo lenye pande sawa na pembe sawa 4,294,967,295 linaweza, kwa nadharia, kuchorwa kwa rula na bikari pekee. Hakuna namba witiri kubwa zaidi inayojulikana kuwa na sifa hiyo.

Umuhimu katika hesabu za fedha

Programu inayotunza jumla kwa biti 32 haiwezi kuvuka namba hii. Mara nyingi hurudi sifuri na kuendelea kuhesabu bila kutoa onyo. Mathalani, tani 2,000 za korosho zikiuzwa mnadani Masasi kwa shilingi 2,200 kwa kilo, malipo ni shilingi 4,400,000,000. Programu hiyo ingeonyesha shilingi 105,032,704 tu. Ndiyo maana mifumo ya malipo hutakiwa kutumia nafasi kubwa zaidi, kama biti 64.