Darasa la Mtandaoni: Linda Sauti Kwanza, Picha Baadaye



Mimi nauza vifaa vya keki mtandaoni. Wateja walikuwa wakinunua nozeli halafu wananiuliza, "Dada, hii inatumikaje?" Nikaona hapa kuna hela. Nikafungua darasa la kupamba keki kwa simu ya video: watu 12, kila mtu elfu 15.

Lilikuwa balaa. Picha ilikwama, sauti ikawa inakatakata, na dakika ya 40 kikao kikajifunga ndiyo kwanza napaka krimu. Dada mmoja wa Songea akaniandikia: "Nimesikia salamu tu. Na bando limeisha." Nilirudisha hela za watu saba. Lakini bando lake sikuweza kurudisha, na wala sikuwahi kulihesabu.

Nikakaa chini nikapiga hesabu. Video ikitembea kwa megabiti 1 kwa sekunde, saa moja inakula MB 450. Mwenye bando la MB 500 ndiyo kwaheri. Sauti peke yake ni nyepesi mno. Kuna kiwango cha kubana sauti kinaitwa Opus, kilipitishwa 2012 na kinatumika sana kwenye simu za mtandaoni. Maongezi ya kilobiti 32 kwa sekunde yanakula kama MB 15 kwa saa. Ongeza kidogo kwa mambo ya mtandao, bado ni hela ndogo.

Kitu cha pili nilichojifunza ni hiki. Ukituma faili kwa WhatsApp, kipande kikipotea njiani kinatumwa tena, kwa hiyo linafika zima hata kama limechelewa. Maongezi ya laivu hayawezi kusubiri. Kipande kikichelewa kinaachwa, ndiyo maana unasikia "kri...ka...kis".

Basi nikagawa kazi: cha kuangalia kwa makini nakituma kama faili, cha kuulizana tunafanya laivu. Sasa nafanya hivi:

1. Usiku wa kabla natuma klipu fupi za mikono yangu ikifanya kazi, dakika mbili mbili. Kila mtu anapakua kwa wakati wake.

2. Kwenye laivu, kamera za wanafunzi zinazimwa na maiki pia. Anayetaka kuuliza anafungua maiki yake. Kamera yangu nawasha tu ninapoonyesha kitu.

3. Napima spidi ya KUPANDISHA, siyo ya kushusha tu. Mwalimu ndiye anayetuma, na mara nyingi kupandisha ndiko kunakokuwa dhaifu.

4. Naheshimu saa. Kwa sasa Zoom ya bure inafunga kikao cha dakika 40, Google Meet ya bure dakika 60 mkiwa watatu au zaidi. Mimi napanga dakika 35, mapumziko, halafu kikao kingine.

5. Kwenye kompyuta mwanafunzi anaweza kubonyeza linki akaingia kwa Chrome bila kupakua kitu. Ni kazi ya WebRTC, iliyokuwa kiwango rasmi Januari 2021. Wa simu nawaambia wapakue programu siku moja kabla na tunajaribu dakika tano.

6. Bei inapotangazwa, nataja na bando: "Andaa kama MB 300." Mtu asishtukizwe.

Darasa la pili walikuja 10, wote wakamaliza. Yule dada wa Songea nilimwingiza bure. Wiki iliyofuata alinitumia picha ya keki ya kipaimara aliyoiuza, akaagiza na nozeli seti nzima.

Mwanafunzi akikulipa, amelipa mara mbili: ada yako na bando lake. Hesabu zote mbili kabla hujatangaza darasa.