Benki ikiongozwa na mama, pesa zako zi salama?

Huenda karo ya wanao iko benki wakati huu unaposoma makala haya. Je, umewahi kujiuliza ni nani anayekalia kiti cha mkurugenzi mkuu wa benki hiyo? Na akiwa mwanamke, wewe mteja wafaidi nini?

Swali hili si la mzaha. Imperial Bank ilipowekwa chini ya mrasimu Oktoba 2015, na Chase Bank Aprili 2016, waliotaabika ni wateja wa kawaida waliokuta milango imefungwa. Benki haianguki kwa siku moja. Mara nyingi huanza kwa mikopo kutolewa ovyo, huku wakurugenzi wakinyamaza badala ya kuuliza maswali.

Mwaka wa 2018, wataalamu wa Shirika la Fedha Ulimwenguni (IMF) walichunguza benki za nchi nyingi, tajiri kwa maskini. Walipata kwamba wanawake hawakufika hata asilimia 2 ya wakurugenzi wakuu, wala asilimia 20 ya wanachama wa halmashauri za benki. Hata hivyo, benki zenye wanawake wengi zaidi katika halmashauri zilikuwa na mtaji mkubwa zaidi wa kukinga hasara, na mikopo michache isiyolipwa.

Lakini usiharakishe kupiga vigelegele. Yawezekana benki zinazoendeshwa vyema ndizo zinazowapandisha wanawake vyeo. Tena mwanamke si malaika. Nchini India, Bi Chanda Kochhar aliyeiongoza benki ya ICICI tangu 2009 aliacha kazi Oktoba 2018, kufuatia madai ya mgongano wa maslahi katika utoaji wa mikopo, madai ambayo ameyakana.

Sasa tutazame mfano wa hapa nyumbani. Kenya Women Finance Trust ilianzishwa mwaka wa 1981 na wanawake wasomi. Wakati huo, mama mfanyabiashara alipoomba mkopo aliulizwa hati ya shamba, na hati hiyo kwa kawaida ilikuwa kwa jina la mume. Kufikia mwisho wa miaka ya themanini, shirika hilo lilikuwa likiyumba. Mwaka wa 1991, Dkt Jennifer Riria alishika usukani. Mikopo ikatolewa kwa vikundi, wanachama wakidhaminiana, ili mmoja akishindwa wenzake wamsaidie kulipa. Mwaka wa 2010, Benki Kuu ya Kenya ililipa shirika hilo leseni ya kupokea akiba za umma.

Huo haukuwa muujiza. Viongozi waliomjua mama wa sokoni walitambua kwamba neno lake mbele ya wenzake ni dhamana tosha. Hapa ndipo penye faida: meza yenye watu wa aina moja huuliza maswali ya aina moja.

Basi ufanye nini? Kila baada ya miezi mitatu, benki huchapisha hesabu zake magazetini. Tafuta mstari wa mikopo isiyolipwa, ulinganishe na wa mwaka uliopita. Ukiona inazidi kupanda, uliza sababu, awe anayeongoza ni bwana au bibi.

Nawe mzazi, binti yako akipenda hesabu, usimwambie hayo ni ya wavulana. Huenda siku moja akawa ndiye mlinzi wa akiba yako ya uzeeni.