Samaki ni Siha kwa Ajuaye Kumchagua

Si ajabu katika kisiwa chetu mtu kumaliza wiki nzima asionje nyama ya ng'ombe wala ya mbuzi. Kule Fumba, kusini-magharibi ya Unguja, kitoweo hutoka katika Ghuba ya Menai: wavuvi huleta changu, tasi na pono, na wanawake hushuka pwani maji yakipwa kutafuta chaza na kombe. Lakini kula samaki kila siku ni jambo moja, na kumla kwa manufaa ni jambo jingine. Hilo ndilo tunalotaka wasomaji wetu walipime.

Faida zake hazina shaka. Samaki hujenga mwili kama nyama, na humpa mlaji madini joto yanayozuia uvimbe wa tezi ya shingo. Mafuta ya vibua na dagaa husaidia moyo, na hujenga ubongo wa mtoto tangu angali tumboni mwa mama yake. Dagaa, kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa yake, huimarisha mifupa na meno. Wako wanaomdharau kuwa ni chakula cha mnyonge, hali dagaa wa Unguja hukaushwa wakasafirishwa hadi Kongo, na huko hununuliwa kwa hamu.

Tena yafaa ijulikane kwamba samaki wakubwa wawindao wenzao, kama papa na nduwaro, hukusanya zebaki mwilini mwao, na zebaki humdhuru mtoto aliye tumboni. Basi mfanyakazi amnunuliaye mkewe mja mzito fungu la dagaa, amemtendea wema kuliko yule aliyemletea pande la nduwaro.

Hatari nyingine ni jua. Jodari au kibua aliyekaa bila barafu huzalisha sumu isiyoondoka kwa kupikwa; mlaji huwashwa mwili, uso ukaiva, moyo ukaenda mbio. Chaza nao wasiokotwe karibu na maji machafu, wala wasiliwe wabichi. Na ng'onda, kwa chumvi yake nyingi, hamfai mwenye shinikizo la damu.

Kadhalika, samaki peke yake hatoshelezi damu, hasa kwa wanawake na watoto. Sahani iwe na mchicha au kunde, ikamuliwe ndimu, na chai isubiri kwanza, kwani huuzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo chakulani.

Lakini liko jambo ambalo hatuwezi kulisema kwa sauti ya chini. Kisiwani Pemba, Novemba 2021, watu 7 walikufa kwa kula nyama ya kasa. Na Machi 2024, katika Kisiwa Panza, wakafa 9, na 8 kati yao walikuwa watoto. Sumu ya kasa haionekani, haina harufu, wala haifi motoni. Bunju naye ni vivyo hivyo. Hapana mapishi ya kuaminiwa, wala hapana mazoea ya wazee yatakayomrudisha mtoto aliyekwisha kuzikwa.

Bahari imetupa vingi vilivyo salama. Yatupasa tuchague wadogo na wabichi, tuongeze mboga, na kasa tumwache baharini.