Uzalishaji wa Vifaranga wa Kambale Nyumbani: Wiki Mbili Zinazoamua

Ufugaji wa kambale katika matangi ya plastiki na mabwawa madogo ya saruji umeingia katika nyua nyingi, kwa kuwa samaki huyu huvumilia msongamano na huweza kuvuta hewa juu ya maji pale oksijeni inapopungua. Kinachomkwamisha mfugaji kwa kawaida si tangi, bali ni kifaranga. Vifaranga hununuliwa mbali, husafirishwa saa nyingi ndani ya mifuko ya maji, na wengine hufa kabla juma halijaisha. Ndipo mkazi hujiuliza kama hawezi kuwazalisha mwenyewe. Anaweza, ila fedha nyingi hupotezwa na wanaodhani kwamba kazi imekwisha mayai yanapoanguliwa.

Wapo wanaomweka jike na dume katika tangi moja na kungoja. Wangojapo hata mwaka mzima, hawaoni kitu. Perege huzaana bwawani bila kuombwa, hata wakajaa kupita kiasi, kambale sivyo. Katika mazingira yake ya asili, yeye husubiri mvua. Mito inapofurika, huingia usiku kwenye majani yaliyofunikwa na maji, hutaga, kisha huyaacha mayai yajilee. Tangini hakuna mafuriko. Jike hubeba mayai yaliyokaribia kukomaa, lakini mwili wake haupati ishara ya kuyaachia. Ishara hiyo ndiyo mfugaji hulazimika kuitoa kwa sindano ya homoni.

Wazazi wanaofaa ni wenye umri wa mwaka mmoja au zaidi, wasio na majeraha, na wasio ndugu wa tumbo moja. Jike aliye tayari huwa na tumbo kubwa na laini, na akibonyezwa kidogo kuelekea mkiani hutoa mayai machache. Dume hutambulikana kwa kinyama kirefu chenye ncha karibu na tundu la haja. Jike asiye tayari asichomwe sindano kwa matumaini. Hataachia mayai mazuri, na huenda akafa.

Homoni hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni dawa ya dukani, ambayo kipimo chake hufuata uzito wa samaki. Ya pili ni tezi ya pituitari iliyoko chini ya ubongo wa kambale mwingine aliyekomaa, mwenye uzito unaolingana na wa jike. Tezi hiyo husagwa, huchanganywa na maji ya dripu, kisha huchomwa katika msuli wa mgongo. Baada ya hapo joto la maji ndilo huamua muda. Maji yakiwa na nyuzi 25 za Selsiasi, mayai huwa tayari baada ya saa 11 hivi. Yakiwa na nyuzi 30, saa 7 hutosha. Kwa hiyo anayechoma sindano saa 2 usiku katika maji ya nyuzi 25 hukamua saa 1 asubuhi. Akichelewa sana, mayai huharibika tumboni.

Jike hukaushwa kwa kitambaa, kisha hukamuliwa taratibu ndani ya bakuli kavu. Dume, kwa bahati mbaya, hakamuliki. Huchinjwa na mbegu zake hutolewa katika korodani. Mbegu na mayai huchanganywa kwa unyoya wa kuku, kisha maji safi huongezwa. Hapa hakuna nafasi ya kusitasita, kwa sababu mbegu zikishaguswa na maji huishi kama dakika moja tu. Mayai hutandazwa mara moja juu ya wavu ndani ya maji, tabaka moja, yasilundikane.

Gramu moja ya mayai huwa na mayai 600 hadi 700. Jike wa kilo moja anayetoa gramu 100 humpa mfugaji mayai zaidi ya 60,000, na hesabu hiyo ndiyo humlevya. Mayai huanguliwa ndani ya saa 24 hadi 36 maji yakiwa na nyuzi 25 hadi 28. Wavu uliobaki na mayai meupe, yaani yaliyokufa, uondolewe haraka, kwa kuwa ukungu na uozo wake huua walio hai.

Kwa siku tatu za mwanzo vifaranga hawahitaji chakula. Hujikusanya pembeni penye giza na kula kiini walichozaliwa nacho. Siku ya nne mambo hubadilika. Midomo yao ni midogo, na matumbo yao bado hayajaweza kusaga vizuri chakula cha unga. Wanahitaji vijidudu hai vya majini. Mfugaji aliyejiandaa huwa na beseni la maji ya kijani lililotiwa samadi kidogo siku kadhaa kabla, ambamo viroboto maji wamezaliana. Huwachuja kwa kitambaa, huwasuuza, kisha huwalisha vifaranga. Mwingine hununua mayai ya atemia na kuyaangua katika maji ya chumvi kwa muda wa siku moja hivi. Kiini cha yai la kuku lililochemshwa hutumiwa na baadhi ya watu, lakini huchafua maji upesi mno, na asiyebadilisha maji kila siku asikiguse.

Jambo la pili ni hewa. Kambale mkubwa huvuta hewa juu ya maji, lakini kiungo cha kazi hiyo hakijakomaa kwa kifaranga. Umeme ukikatika usiku na pampu ya hewa ikazimika, tangi lililojaa vifaranga laweza kufa lote kabla ya alfajiri. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi siku moja au mbili kabla ya kutumiwa.

Kisha huja kulana. Kifaranga aliyewazidi wenzake kidogo tu huanza kuwameza, na kadiri anavyowameza ndivyo anavyozidi kukua. Dawa yake ni kulisha mara nyingi kwa kiasi kidogo, kufunika tangi liwe na giza, na kuwachambua kwa ukubwa kila wanapoonekana kutofautiana. Wanaohamishiwa bwawa la nje wawekewe uzio wa chandarua, maana vyura na wadudu wa majini huwamaliza bila mfugaji kuona mzoga hata mmoja.

Anayetaka kuanza aonane kwanza na afisa uvuvi, apimiwe maji na aelekezwe kuchoma sindano mbele ya mtu aliyezoea. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vyaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mchanganuo wa maombi utaje, pamoja na tangi na wazazi, chakula hai cha wiki mbili za mwanzo na chanzo cha umeme cha akiba kwa ajili ya pampu.