Uwanja wa Nyumba Iliyo Mteremkoni

Wengi wetu tunaokaa milimani, kama Uluguru, Usambara au Upare, hatuna uwanja tambarare. Nyumba imejengwa ubavuni mwa mlima. Nyuma ya nyumba ardhi inapanda, mbele inashuka. Mvua ikinyesha, maji huteremka mbio na kubeba kila yanachokikuta: udongo, samadi na vinyesi vya watoto. Mzigo huo huishia kisimani. Kwa hiyo mteremko ni jambo la afya, ingawa mzee mmoja aliniambia nishike sindano zangu, jembe nimwachie bwana shamba.

Tuanze na choo. Choo kiwe chini ya kisima, kisiwe juu yake. Umbali usipungue mita 30, yaani kama hatua 40 ndefu za mtu mzima. Tazama pia choo cha jirani anayekaa juu yako. Choo chako kinaweza kuwa mahali pazuri, kumbe kisima chako kiko chini ya choo chake. Jambo hili huona haya kulisema. Lisemwe kwa upole, lakini lisemwe, maana wanaoharisha ni watoto. Kama choo kimekwisha chimbwa mahali pabaya, shimo linalofuata lichimbwe mahali pa kufaa. Siku zote chemsha maji ya kunywa.

Sasa chimba mfereji juu ya nyumba, ili maji ya mvua yapite kando yasipige ukuta. Mfereji uwe na mwinamo mdogo. Maji yakituama wiki moja au mbili, mbu wa malaria wanakua humo. Mwisho wa mfereji uwe penye majani mengi, si mlangoni kwa jirani. Maji ya kuogea yaelekeze kwenye migomba.

Sehemu iliyobaki ya uwanja inafaa mboga, lakini lazima kwanza uushike udongo. Unahitaji kipimo chenye umbo la herufi A. Wewe uliyejifunza kusoma unaijua herufi hiyo. Chukua fito mbili za mita 2 kila moja. Zifunge pamoja juu, uzitanue chini. Funga ufito wa tatu katikati. Kwenye fundo la juu ning'iniza uzi wenye jiwe, na jiwe lishuke chini ya ufito wa katikati. Simamisha kipimo, weka alama ardhini penye miguu, na alama nyingine pale uzi unapogusa ufito. Kisha geuza: mguu wa kulia ukae mahali pa ule wa kushoto, na wa kushoto mahali pa ule wa kulia. Tia alama ya uzi tena. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Uzi ukitulia hapo, miguu yote iko kimo kimoja.

Tembea na kipimo ukikata mteremko, ukipiga kigingi kila mguu unapotua. Mstari utapinda. Usiunyooshe, mlima wenyewe umepinda. Chimba mtaro kwenye mstari huo, na udongo utupe upande wa juu. Ndiyo maana njia hii huitwa fanya juu. Juu ya tuta panda matete au majani ya gwatemala. Mizizi itashika udongo, na majani ni chakula cha mbuzi. Mwaka hadi mwaka udongo utajikusanya nyuma ya tuta na shamba litakuwa kama ngazi.

Ukitaka kukata ngazi pana mara moja, weka kando udongo mweusi wa juu, kisha uurudishe juu ya ngazi. Mwaka 1955 Waluguru walikataa ngazi walizolazimishwa na serikali ya kikoloni. Walikuwa na sababu. Udongo wenye rutuba ni mwembamba, ukiuchimbia chini, mazao hayapati kitu.

Njia ya kwenda chooni itengeneze kwa vidato vya mawe, na kando weka ufito wa kushika. Mama mjamzito na bibi yako hupita hapo usiku, na udongo wa mlimani ukilowa huteleza.

Kuna hatari moja kubwa kuliko hizi. Ukikata mlima wima nyuma ya nyumba, utaangukia ukuta wako. Ukate kwa mlalo, uache nafasi, upande majani. Na mlima wenyewe unaweza kuporomoka. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang mpaka mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 walikufa. Wakati wa mvua kubwa tazama dalili: ufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama, mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama, au chemchemi iliyogeuka tope ghafla. Ukiona moja, usingoje asubuhi. Watoe watoto, mkalale kwa ndugu asiyekaa chini ya mteremko huo. Kukipambazuka mwite mwenyekiti wa kitongoji aje aone.